Ikipata Moto, Inakalé

Skola mwanangu,

Sikuandikii kukujulisha kwamba sisi huku ni wazima, maana huku ndiko huko. Wewe uko jikoni na mama yako mnabishana begi limejaa au halijajaa, na mimi niko hapa karakanani, ng'ambo ya ua, nimefunga mlango mapema na jua bado lipo. Nikikohoa unanisikia. Mtu akipita akanichungulia atasema mzee kachanganyikiwa, anamwandikia barua mtu anayeweza kumwita kwa jina akaitika. Lakini wewe unanijua. Nikifungua mdomo kukwambia jambo, halijafika katikati nimeshatia utani, na utani ukishaingia, jambo lenyewe linatoka kwa mlango wa nyuma. Karatasi haicheki. Ndiyo maana leo nimeongea nayo.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutozunguka kambini peke yako giza likiingia, ya kutomwamini dereva mwenye miwani ya jua, mama yako ameyasema wiki nzima na sasa hivi bado anayasema, namsikia. Sitayagusa. Kwa maagizo mama yako hana mpinzani wilaya nzima.

Mimi nataka kukuandikia habari ya ile pikipiki ya maji.

Najua unaijua. Ulikuwa juu yake. Na watu wote wa mtaa huu wanadhani wanaijua, kwa sababu miaka miwili sasa nawasimulia, na kila nikiisimulia mawimbi yanaongezeka. Leo mchana, kwenye chakula cha kukuaga, nimeisimulia tena. Halafu Mzee Barnaba akakuuliza lile swali, nawe ukamjibu, na jibu lako ndilo lililoninyanyua kwenye kiti nikaja kujifungia huku na spana.

Wacha nianze mwanzo. Nikiruka nitatafuta kona ya kujificha.

Unakumbuka ule mwaka Wakongo walipoanza kujaa kambi ya Nyarugusu, magari ya mashirika yakawa mengi hapa Kasulu kuliko mbuzi. Mashirika yakaleta wakubwa, na wakubwa wana michezo yao. Yule bosi mrefu wa visima, tuliyemwita Twiga na yeye akadhani ni cheo, alikuwa na pikipiki ya maji aliyoiweka Kigoma ili aipande ziwani Jumapili. Ikaanza kumsumbua. Inawaka vizuri, inakimbia, halafu inazima. Ukiiacha kidogo inawaka tena. Ikikimbia, inazima. Jioni moja akaja pale tunapokunywa, akauliza kama mji huu una fundi anayejua injini za kuchanganyia oili.

Ningeweza kubaki nimekaa. Kiti kilikuwa kizuri, na bia ilikuwa haijafika nusu. Nikasimama.

"Bosi," nikamwambia, "injini ya kuchanganyia oili ambayo mimi sijaitibu haijazaliwa. Hiyo yako ni pikipiki tu, imekosa magurudumu."

Watu wakapiga makofi. Makofi ndiyo ugonjwa wangu, Skola. Wengine wana malaria, mimi nina makofi. Nikaongeza kwamba nimefanya kazi Kalemie kwenye injini za maboti, na kwamba Kiswahili cha Kongo nakijua mpaka matusi yake. Habari ya Kalemie nikupe leo ilivyo: nilikuwa naosha vipuri kwa mafuta ya taa. Waliokuwa wanafungua injini walikuwa wengine, na mimi nikikaribia walikuwa wananiambia nisogee nisiwazibie mwanga. Nilikaa msimu mmoja wa mvua, nikarudi na kofia ya nahodha niliyoinunua sokoni. Kofia hiyo ndiyo umeikuta ukutani tangu utoto wako.

Basi tukaenda kuileta kwa lori. Kwenye kona za kupandia huku milimani, petroli ikawa inachuruzika kutoka kwenye kibomba chembamba kilichoko juu ya tangi. Nikafanya ambacho fundi yeyote wa Kasulu angefanya. Nikakata kipande cha sabuni ya mche, nikakikanda kwa vidole mpaka kikalainika, nikaziba. Petroli haili sabuni. Malori mangapi hapa yanatembea matangi yake yameshikwa na sabuni? Nikamwambia utingo, "Tazama, kijana, huu ndio utaalamu." Kisha nikasahau.

Ilivyofika hapa unakumbuka mwenyewe. Watu waliacha soko. Yule bibi wa Heru Juu aliyeleta maharage akauliza kama ndiyo ndege, na kama ni ndege, mabawa yako wapi. Nikamjibu mabawa yapo Kigoma, yanapakwa rangi. Akaondoka ameamini. Nikaipandisha juu ya matairi mabovu, nikafunga mpira kutoka kwenye pipa, maana injini ile inapozwa kwa maji ya ziwa na huku juu ziwa hatuna. Wewe na mama yako mkawa mnajaza pipa, naye mama yako anauliza kama maji ya kunywa yatabaki.

Nikaiwasha. Ikawaka kwa kelele, watoto wakakimbia. Muda si mrefu, kimya. Nikasema plagi. Nikazitoa, zilikuwa kavu, nyeupe. Nikazisugua kwa brashi ya waya, nikazipima: cheche ya bluu, safi kabisa. Plagi kavu maana yake injini ina njaa, mafuta hayafiki. Nikasema petroli ina maji. Nikaimwaga kwenye chupa, nikaiacha itulie nitazame chini. Maji hakuna. Nikasema kabureta. Nikaifungua, nikaipuliza kila tundu mpaka mdomo ukanuka petroli siku nzima na mama yako akanilalisha upande wa dirishani. Safi. Nikairudisha. Ikawaka, ikazima.

Watu waliokuwa wanakuja kutazama wakaanza kunipa pole. Mimi, ninayejiita Injinia, napewa pole! Mzee Barnaba akaacha cherehani yake akavuka barabara kuja kuniuliza, "Mgonjwa ameamkaje?" Nikamwambia anaendelea vizuri, ameomba uji.

Halafu siku moja ikazima, na kwa hasira nikafungua mfuniko wa tangi. Likavuta hewa: fyuuu! Kama mtu aliyetoka chini ya maji. Nikasimama na mfuniko mkononi. Mafuta yakitoka kwenye tangi, hewa lazima iingie mahali pake, na njia ya hewa ni kile kibomba cha juu. Na kile kibomba kilikuwa na sabuni. Yangu.

Nilitazama kulia na kushoto. Nikaikwangua kwa msumari, nikaitupa kwenye majivu, nikaiwasha. Ikawaka, haikuzima. Nikawaita watu nikawatangazia kwamba nimepata, ni ugonjwa wa Ulaya, kibomba kilikuja kimezibwa na kiwanda. Wakapiga makofi.

Kosa langu la kifundi liko hapo, mwanangu, na nimelifikiria zaidi ya kosa lolote la kazi yangu. Nilitibu ugonjwa nilioutia mimi, nikadhani nimetibu ule iliokuja nao. Twiga alisema inazima kabla sabuni yangu haijaigusa. Sikujiuliza basi huko ziwani, bila sabuni, ilikuwa inazimishwa na nini. Nilikuwa nimefurahi mno kuona aibu yangu imetupwa kwenye majivu.

Kesho yake akaja Papa Floribert. Huyu kabla ya vita alikuwa dereva wa maboti Uvira, na Twiga alimtoa kambini amtunzie pikipiki ile. Alikuwa mpole, ana kovu kwenye nyusi, naye alimwita kila mtu patron, yaani bosi, hata mwuza karanga. Akaisikiliza inavyonguruma, akaweka mkono juu ya injini, akaniuliza:

"Patron, ikipata moto, inakalé?"

Kule Kalemie mtu akikwambia uikale, anakwambia uketi. Kwa hiyo mimi nikasikia inakaa, yaani imetulia.

"Inakaa!" nikamjibu. "Inakaa vizuri kabisa, Papa Flori. Kama bibi harusi kwenye kigoda."

Akashangaa. "Inakalé, na unacheka?"

"Nisicheke kwa nini? Kazi imekwisha."

"Minakuuliza tena, patron. Kama imepata moto sana. Ina-ka-lé?"

"I-na-kaa," nikamjibu nikimvutia maneno kama anavyovuta yeye, na watu wakavunjika mbavu.

Hapo ndipo uliponivuta shati. Ulikuwa unakwenda na mama yako kuuza unga wa muhogo kwenye soko la kambi, na masikio yako yalikuwa yameshaokota mengi. Ukaninong'oneza, "Baba, nadhani anasema inazima. Kule sokoni gari likizima wanasema limekalé."

Nami nikakujibu kwa sauti, ili wote wasikie, "Nyamaza wewe. Mimi nimekaa Kongo kabla mama yako hajaota meno."

Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba neno lenyewe ni la Kifaransa, walilivika nguo za Kiswahili, na kwamba mtu akilisema anakwambia injini inakufa. Lakini siku ile hakuna aliyehitaji Kifaransa. Nilihitaji kusema tu, "Papa Flori, neno hilo silijui, nieleze." Maneno sita. Kwa mtu aliyesema maelfu bila kuombwa.

Papa Flori akafuta mikono. "Sawa, patron. Lakini mimi siingie ku ile kintu." Watu wakasema Mkongo anaogopa maji. Na mimi nikacheka nao.

Sasa ziwani.

Twiga aliniambia niipeleke Kigoma niijaribu mwenyewe, naye akimaliza mkutano wake aje aione. Nikakuchukua wewe, Jumapili, ukiwa na gauni lako la kanisani, kwa sababu nilitaka mtu wa kunishuhudia. Hukutaka kupanda. Ulisema utanitazama ukiwa ufukweni. Nikakwambia, "Panda, ukawasimulie shuleni." Kwenye usukani lilikuwa limening'inia jaketi la kuelea, moja. Ukauliza, "Langu liko wapi, Baba?"

"Abiria anamshika dereva," nikasema. "Anayevaa ni dereva. Ndiyo sheria ya maji."

Sheria hiyo niliitunga palepale, mkono mmoja ukiwa umeshaingia kwenye jaketi. Mimi ni mtu wa Heru Juu, milimani. Maji marefu kuliko yote niliyowahi kuingia yalinifika magotini, na nilikuwa nimeshika mti. Nimewaambia watu kwamba nimevuka lile ziwa mara nyingi, na ni kweli nililivuka, nikiwa chini kwenye tumbo la meli, nimefumba macho, nimekumbatia gunia la mtu.

Tukaenda. Mwanzo ulikuwa mzuri, nakiri, na wewe ulicheka mgongoni kwangu, nilikusikia. Ufuko ukawa mdogo, watu wakawa kama kunguru. Injini ikapata moto. Na ikazima.

Nilibonyeza stata. Hakuna kitu. Nikasubiri ikapoa, ikawaka, tukasogea kidogo, ikazima tena, safari hii upepo ukitusukuma kwenda mbali zaidi. Hukunicheka. Ungeweza. Ulisema taratibu tu, "Baba, inakalé." Kama mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka jina.

Nikataka kufungua kiti nitazame injini. Nikageuka kwa pupa, ikapinduka, tukaingia majini wote wawili.

Jaketi likaniinua. Nikakumbatia chombo kile kwa mikono miwili. Wewe ulizama, ukatoka, ukazama, ukatoka umeshika ukanda wa jaketi langu, hapa kifuani, na ukasema, "Baba, nishike." Haya sijawahi kuyasimulia. Nilihisi unanivuta kwenda chini. Nikakushika mkono, lakini si kukuvuta. Nikaubandua. Si wimbi lililoubandua, wala haukuteleza. Nilivifungua vidole vyako nikausukuma mkono, na nilikuwa nakutazama usoni.

Sijui ulipataje ukingo wa kile chombo. Ulipata mwenyewe. Tukabaki tumening'inia, mimi upande huu na wewe upande ule, mpaka lile boti la mapipa ya mawese likatuona. Unakumbuka yule jamaa wa kwenye mapipa alivyopiga kelele: "Nyie watu wa milimani, mnaogelea au mnaoga?" Wakakutoa wewe kwanza, kisha mimi. Nilikuwa natetemeka kuliko wewe, na wewe ndiye uliyekuwa huna jaketi.

Tulipokaribia nikaona watu wamejaa ufukoni, na Twiga katikati yao kichwa juu kama mnazi. Nikalivua jaketi, nikakuvalisha wewe. Uliniachia mikono kama mtoto anayevalishwa sweta. Nilifunga kila kifungo. Sikupanga, nakuapia, lakini nilifunga kwa haraka, na mtu asiyepanga hafungi kwa haraka vile.

Mama mmoja akapiga vigelegele. "Tazameni baba huyo! Kamvalisha mtoto, mwenyewe kabaki hivi hivi na maji!" Wakanishika mabega, wakanipa chai. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikujisifu. Nikatazama chini. Wakasema, na ni mnyenyekevu pia. Majigambo yangu yote tangu nizaliwe, ukiyajumlisha, hayakudanganya watu kama ule ukimya.

Papa Flori aliifungua injini wiki iliyofuata. Ilikuwa koili, ile inayozalisha moto wa plagi. Ikiwa baridi inafanya kazi, ikipata joto inakata, na cheche inakufa. Pale kwangu injini ilikuwa inakunywa maji ya pipa kwenye ubaridi wetu huu, naizima kabla haijachemka, basi ningeijuaje? Ningeijua kwa kusikiliza. Aliniuliza ugonjwa kwa jina lake kabisa, na mara tatu nikamjibu kwa furaha kwamba upo. Nilikwenda kambini kumwomba radhi, na hapo alicheka yeye, mpaka akashika ukuta. "Patron, mi nilisema, huyu muntu ni mshujaa, anajua itakalé na anapeleka mtoto!" Nilicheka naye. Nikatoka pale nikakaa kando ya barabara mpaka gari la mwisho likakaribia kuniacha.

Kuna jambo lingine. Tangu siku ile hujanipa mkono. Sisi Waha tunaamkiana kwa kupiga makofi, kila mtu na viganja vyake, kwa hiyo hata mama yako hakugundua. Asubuhi unapiga makofi, unainama, unasema mwakeye, heshima zote zimetimia, na mikono yako hairuki kuja kwangu. Ukinipa spana unaiweka juu ya meza. Ukinipa chai unaiweka kwenye kigoda. Nimeona. Nilidhani nikisimulia ile hadithi mara nyingi vya kutosha, na wewe utaishia kuiamini. Huo ndio uzito wa akili ya baba yako.

Sasa leo. Nimeisimulia vizuri sana leo, hata padri ameacha kutafuna. Na Mzee Barnaba akakugeukia, ukiwa na sinia la wali. "Skola, kule Kibondo wakikuuliza wewe mtoto wa nani, waambie wa yule aliyevua jaketi katikati ya ziwa. Au siyo kweli alikuvalisha?"

Ukamtazama. Ukasema, "Ni kweli, Mzee. Alinivalisha." Ukaendelea kugawa wali.

Sijawahi kusikia neno lililochaguliwa vizuri namna ile. Halikuwa na uongo hata kidogo. Nilikuvalisha. Hukusema lini, hukusema wapi, na mimi nikatoka salama. Ningekuwa mtu wa kujivuna kama kawaida yangu ningesema, tazameni, ndiyo maana shirika limemchukua kuwa mkalimani, huyu mtoto ni fundi wa maneno. Lakini nilikaa pale nikiona jinsi ulivyofanya bila hata kusita, kama mtu aliyezoea, na nikaelewa kwamba umefanya hivyo muda mrefu. Miaka miwili umekuwa mkalimani wangu, ukinitolea nje maneno yakiwa yamekunjwa vizuri. Kazi yako ya kwanza ya kutafsiri uliifanya nyumbani, na mteja alikuwa mimi.

Keshokutwa utasimama kwenye zahanati ya kambi ya Mtendeli, huko Kibondo, katikati ya daktari na mama wa Kirundi mwenye mtoto mgonjwa. Kiha chako, kwa kufanana na Kirundi, kitakudanganya kwamba unaelewa kila neno lake. Labda mume wake atakuwa amesimama pale, na mama atasema kitu, na utaona kwamba ukikisema kama kilivyo kuna mtu ataumia au ataaibika. Utamwonea huruma, kwa sababu wewe una huruma. Utatafuta neno laini, la kweli lakini si lote. Na unajua kulitafuta, umejifunzia kwangu. Hilo ndilo linalonichoma. Si kwamba umenisitiri. Kwamba nimekufundisha kufanya hivyo, na sasa unakwenda kufanya kazi ambayo mtu akinyimwa neno moja mtoto wake anaweza kufa.

Sikwambii ufanye nini huko. Mimi nani? Mtu aliyeshindwa kuuliza neno kwa Mkongo mpole. Nakwambia tu nitakalofanya mimi.

Kesho asubuhi gari la shirika litakuchukulia pale stendi. Barnaba atakuja, majirani watakuja, wale wa bia watakuja ingawa watachelewa. Nataka niwaambie palepale, ukiwepo, kabla dereva hajawasha gari. Si baada ya wewe kuondoka. Ukiondoka nitapata nafasi ya kulipaka rangi. Nitawaambia jaketi lilikuwa mwilini mwangu, na mkono wako niliufanya nini. Mama yako namwambia usiku huu, yeye asilisikie stendi kama mgeni.

Lakini mkono ulikuwa wako, kwa hiyo na habari ni yako. Barua hii nakupa kabla ya chakula cha usiku, uisome. Ukiona hutaki isemwe mbele za watu, kwa ajili yako, uje uniambie, "Baba, acha," na nitaacha, nitabeba begi lako ninyamaze. Ila usiniambie niache kwa kunionea huruma. Hiyo nitaijua.

Na kama hutasema kitu, basi nakuomba hili moja. Najijua. Nitaanza vizuri, nitafika kwenye jaketi, watu watacheka wakidhani ni utani mpya, na utaniona nashika kofia, natafuta pa kutokea. Utakuwa kwenye dirisha la gari. Utataka kunisaidia, sentensi itakuwa tayari mdomoni mwako, fupi, ya kweli, imekunjwa vizuri. Usiiseme. Hata nikinyamaza mpaka iwe aibu, hata Barnaba akikugeukia na kukuuliza wewe, mwache anisubiri mimi.

Usinitafsirie.

Baba yako